Tupeane uzoefu: kipande gani kilikukataa ulipounda kompyuta yako ya gemu?

Mwanzisha mada, Ntinda

Wadau, habari za jioni. Naona vijana wengi hapa Kampala wananunua kompyuta ya gemu kipande kimoja kimoja, kila mwisho wa mwezi kimoja, halafu siku ya kuunganisha vinakataana. Inaniuma kwa sababu ni pesa ya jasho, na duka likishakwambia mali ikiuzwa hairudi, umebaki nayo. Naanza na yangu, nanyi mtoe zenu.

Nilikuwa na madabodi mpya ya H310, yaani ile bodi kuu ambayo vipande vyote vinachomekwa. Wiki mbili baadaye nikapata prosesa (ubongo wa kompyuta) iliyotumika, i5-7500 ya Intel ya kizazi cha 7, kwa bei nzuri. Muuzaji akasema: soketi (tundu inapokaa prosesa) ya prosesa ni LGA1151, ya madabodi yako ni LGA1151, nenda kaunganishe. Na kweli ilikaa bila kulazimishwa, kishikio kikafunga vizuri. Nikawasha. Feni zinazunguka sekunde chache, zinazima, zinaanza tena. Skrini giza. Usiku mzima natoa RAM (vijiti vya kumbukumbu) narudisha, natoa narudisha.

Siku ya tatu ndipo nikaelewa kwamba LGA1151 ziko mbili. Madabodi za mfululizo wa 100 na 200 zinachukua prosesa za kizazi cha 6 na cha 7. Za mfululizo wa 300, kama yangu, zinataka cha 8 na cha 9. Pini ni 1151 kote, ila kazi ya baadhi ya pini imebadilishwa, na kwa macho huwezi kujua. Nikauza ile i5 kwa hasara, nikatafuta i3-8100, ikawaka mara ya kwanza.

Tangu hapo sinunui prosesa kwa jina la soketi. Naingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa madabodi, natafuta orodha ya prosesa zinazokubalika, nasoma jina zima mpaka herufi ya mwisho.

Dada wa Entebbe

Kaka, umenigusa hapo kwenye herufi ya mwisho. Mimi nilinunua i5-12400F, nikapanga kuitumia hivyo hivyo mpaka nipate pesa ya kadi ya grafiki, ile inayotoa picha kwenye skrini. Nikachomeka kebo ya skrini nyuma ya madabodi, hakuna picha. Nikamwita fundi, nikamlipa, akabadilisha RAM, hakuna picha. Kumbe mashine ilikuwa nzima. Ile F maana yake prosesa haina grafiki ndani yake, bila kadi haitoi kitu. Ilikaa mezani miezi minne imefunikwa kitenge.

Wanaotumia prosesa za AMD, Ryzen za mfululizo wa 5000, wao watafute G: 5600G inatoa picha yenyewe, 5600 haitoi.

Mdau wa Jinja

Mimi nilipita njia ambayo wengi wetu tunapita: kompyuta ya ofisini iliyotumika, unaongeza kadi, unacheza. Njia nzuri, lakini ifungue kabla hujalipa. Yangu ilikuwa ile nyembamba. Kadi niliyonunua ilikuwa pana kuliko kasha lenyewe, mfuniko haufungi. Isitoshe kadi inaomba kebo ya umeme ya pini 8, na saplai ya ndani (kile kiboksi kinachogawa umeme) haina kebo hiyo kabisa. Nikasema basi nabadilisha saplai. Nimeileta mpya nyumbani, ina kichwa cha kawaida cha pini 24, natazama madabodi: tundu ni dogo, pini 8 tu, la aina yake peke yake.

Nilichofanya mwishoni: nilitafuta kadi ya GTX 1650 ya kimo kifupi. Inakula wati 75, na huo ndio umeme ambao nafasi ya kadi kwenye madabodi inaweza kutoa, kwa hiyo haikuhitaji kebo. Mpaka leo inafanya kazi.

Mdau wa Gulu

Fupi tu. RAM za aina ya DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, urefu mmoja. Pengo la katikati ndilo halilingani. Mdogo wangu alisukuma kwa nguvu, nafasi ya RAM ikapasuka. Prosesa za Intel za kizazi cha 12 zinakubali zote mbili, lakini madabodi yenyewe inachukua aina moja. Someni jina kwenye boksi.

Fundi, Wandegeya

Niongeze moja ambayo nimeiona kwa macho. Mteja alibadilisha saplai akaacha kebo za zamani, kwa sababu zilikuwa zimeshapangwa vizuri ndani ya kasha. Zilichomeka bila shida. Alipowasha, diski ikatoa harufu, ikafa na picha zake zote za harusi. Upande wa diski kebo zinafanana, upande wa saplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka. Saplai ikitoka, kebo zake zitoke nayo. Nawaomba sana.

Kijana wa Mbarara

Wakubwa, shikamooni. Nimepanga hivi: Ryzen 5 5600, madabodi ya B450, RAM mbili za DDR4 za GB 8, kadi ya RX 6600, saplai ya wati 500. Vitakubaliana?

Mwanzisha mada, Ntinda

Marahaba. Umepanga vizuri. Prosesa ni wati 65, kadi 132, saplai ya wati 500 inatosha ikiwa ni halisi. Saplai nyepesi mkononi kama boksi tupu iache. Wasiwasi wangu ni B450. Zilitoka 2018, Ryzen za 5000 zikaja 2020. Kama madabodi imelala stoo muda mrefu, bayosi yake (programu ya ndani inayoiwasha) haiijui prosesa yako na haitawaka. Mwambie muuzaji aiwashe dukani kwa Ryzen ya zamani, asasishe bayosi kwa flashi mbele yako, ndipo utoe pesa. Kama madabodi ina nafasi nne za RAM, ziweke ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Na kasha umepima?

Kijana wa Mbarara

Nimepima sasa hivi kwa futi ya mama ya cherehani. Kutoka nyuma mpaka feni ya mbele ni sentimita 27, kadi ni 24. Jumamosi napanda basi la alfajiri kuja Kampala, flashi ninayo.