Faili la femuwea linakatikia kwenye megabaiti 32, nifanye nini?

Kijana wa Himbi, Goma
Jambo sana, wakubwa. Naangalia mtandao wa kituo kimoja cha afya hapa Goma. Femuwea (programu ya ndani) ya swichi yao kuu, kile kifaa kinachounganisha kompyuta zote, ina tundu la usalama ambalo mtengenezaji alishaliziba kwenye toleo jipya. Nimeweka kwenye laptopu seva ya TFTP, njia nyepesi ya kupeleka mafaili mtandaoni, kebo imeingia moja kwa moja, ping inajibu, yaani laptopu na swichi zinaonana. Faili lina megabaiti 41. Linaanza kupanda vizuri, alama za mshangao zinajipanga kwenye skrini, halafu likifika karibu megabaiti 32 linasimama. Mara 4 nimejaribu, ni palepale. Mapokezi na maabara wote wanategemea swichi hiyo, nami nimepewa Jumapili usiku tu. Naogopa kuiua.

Wa Kadutu, Bukavu
Zima faiawoli (ukuta wa usalama) ya laptopu, ndugu. TFTP inaanzia UDP poti 69, yaani mlango wake wa mtandao, na Windows inaweza kuuziba kimyakimya. Mimi ilinilia siku nzima.

Fundi wa Katuba, Lubumbashi
Hapana. Faiawoli ingemzuia mwanzoni, hata kipande cha kwanza kisingefika.

Mdogo wangu, tazama pale panapokatika. TFTP hukata faili vipande vya baiti 512, kila kipande na namba yake. Namba hiyo ina biti 16, kwa hiyo inaishia 65,535. Zidisha: unapata baiti 33,553,920. Ndiyo hizo megabaiti 32 zako! Seva yako ni ya zamani, haijui kurudi sifuri na kuendelea kuhesabu. Weka iliyo mpya. Au, kama seva na swichi zote zinakubali, kuza kipande kiwe baiti 1,468. Swichi ikiwa na SCP, njia ya kuhamisha mafaili yenye ulinzi, mimi ningehamia huko kabisa, maana TFTP haina nywila wala usimbaji.

Wa Birere, Goma
Mimi wasiwasi wangu ni umeme wetu. Faili likikatika njiani unaanza upya tu. Lakini kuna swichi ndogo zinazoandika juu ya femuwea ya zamani, na hapo umeme ukienda, kwisha. Yako je? Andika `dir` uone flashi, hifadhi ya ndani ya swichi. Kama mafaili yote mawili yanaenea, usifute la zamani. Nakili mipangilio kwenye laptopu, linganisha MD5 (alama ya kuhakiki faili) na ile ya mtengenezaji kabla ya kuwasha upya, swichi iwe kwenye betri. Kebo ya konsoli, ile ya kuongea na swichi bila mtandao, nayo iwe mkononi, kasi 9600: swichi isipoamka, ni hiyo peke yake itakayokuonyesha kitu.

Kijana wa Himbi, Goma
Aksanti sana, wakubwa zangu. Nimebadilisha seva, faili limefika lote. MD5 ilikataa kulingana, moyo ukaruka, kumbe nilikuwa nasoma mstari wa modeli nyingine. Saa tatu usiku umeme ulikatika, betri ikashika. Swichi imeamka na toleo jipya, maabara wanafanya kazi. La zamani bado liko kwenye flashi.

Fundi wa Katuba, Lubumbashi
Liache hapo wiki mbili kwanza.