Viberiti, picha au kompyuta: mtoto aanze na ipi kwenye takwimu na grafu?

Mama_Kiborloni
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi huwa nakaa na watoto wa majirani hapa Moshi, wengi darasa la kwanza na la pili, nawasaidia hesabu. Sasa nataka wajifunze takwimu: wakusanye wenyewe, kisha watengeneze grafu. Nina njia tatu kichwani. Vitu vya kushika kama vizibo au viberiti vitupu, kuchora picha kwenye manila, au kompyuta ya nyumbani, unaingiza namba na grafu inatoka. Mngeanza na ipi?

Ticha_Sombetini
Dada, viberiti, wala usisite. Tafuta swali ambalo watalibishania kweli, mfano "Jumamosi ijayo tupike nini: mtori, makande au pilau?" Kila mtoto mpe kiberiti kimoja, aandike jina lake, akakipange juu ya chaguo lake. Mnara unapanda huku wanaona, na kila mmoja anajua chake kiko wapi. Grafu ya mihimili imepatikana kabla hujaitaja.

Usiishie kuuliza upi mrefu. Uliza "mtori umezidi makande kwa wangapi?" Wengi watakutajia idadi yote ya mtori. Sogeza minara miwili ikae ubavu kwa ubavu, wahesabu vile vilivyochomoza juu tu. Hilo swali la "kwa wangapi" linawatesa hata wakubwa, kwa hiyo lipe muda.

Baba_Wawili
Mimi naona picha zinatosha. Watoto wanapenda kuchora, na manila unaipata duka lolote.

Ticha_Sombetini
Wanapenda, mkuu, ila angalia wanavyochora. Mtoto anachora ndizi tatu kubwa zinajaza mstari mzima, halafu machungwa matano madogo yanaishia katikati. Muulize tunda gani limependwa zaidi, atasema ndizi, maana zimefika mbali. Ukitaka picha, kata vipande vya karatasi vya ukubwa mmoja, kila tunda lichorwe kwenye kipande chake, na safu zote zianzie kwenye mstari mmoja. Vizibo vya soda vimeshakumalizia kazi hiyo, upana wake ni mmoja.

Fundi_Ngarenaro
Niitetee kompyuta kidogo. Mtoto akibadilisha namba akaona mhimili umepanda papo hapo, anajaribu tena na tena bila kuambiwa. Ila iwe baada ya viberiti na karatasi, na ule mstari wa namba wa pembeni ukague mwenyewe. Programu inaweza kuuanzisha kwenye 16 badala ya 0. Hapo 20 inasimama mara mbili ya 18, na mtoto wa miaka saba hana namna ya kujua kwamba tofauti ni mbili tu.

Shangazi_UsaRiver
Nyote mmeshika kuchora. Kazi kubwa iko kwenye kukusanya, tena hapo ndipo watoto wanapofikiri zaidi. Waweke ndani ya uzio, wahesabu vyombo vinavyopita barabarani kwa dakika kumi: bodaboda, bajaji, daladala, lori. Mmoja anataja, mwenzake anachora vijiti, vinne vinasimama, cha tano kinavikata.

Yawe makundi mawili kwenye barabara ileile. Majibu hayatalingana, na msikimbilie kusema nani kakosea. Utakuta kundi moja limeweka guta kwenye bajaji, jingine halikuliandika kabisa. Wakae wakubaliane kila chombo kinaingia wapi, ndipo warudie. Sensa ya 2022 nayo ilikuwa na kanuni yake: anahesabiwa aliyelala kwenye kaya usiku wa kuamkia 23 Agosti. Bila hivyo, msafiri angehesabiwa mara mbili au asihesabiwe kabisa.

Mama_Kiborloni
Shangazi, hiyo ya guta nimeipenda sana. Basi naanza na viberiti, barabara inafuata. Je, mvua ya masika wanaweza kuipima, au ni mapema mno kwao?

Mkulima_Machame
Wanaweza kabisa. Chukua chupa ya maji yenye kuta zilizonyooka, ikate juu, ile shingo uigeuze iwe mrija wa kuingizia maji. Kitako cha chupa huwa na mabonde, kwa hiyo tia kokoto na maji mpaka pale kuta zinaponyooka, chora alama: hiyo ndiyo sifuri. Iwekwe uwanjani, mbali na mti na paa. Isomwe kila asubuhi saa ileile, imwagwe, maji yarudishwe kwenye alama.

Siku isiyo na mvua waandike 0. Siku ambayo hakuna aliyepima waweke kistari. Wafundishe tofauti hiyo tangu siku ya kwanza, maana nafasi iliyoachwa tupu baadaye hakuna anayekumbuka ilikuwa nini.

Kwa umri huo msihangaike na milimita. Simamisha ukanda wa karatasi kando ya chupa kuanzia kwenye alama, kata pale maji yalipofika, ubandike kwenye manila juu ya jina la siku. Kanda za wiki nzima zikishapangwa kwenye mstari mmoja, wana grafu ya mvua. Rula ije mwezi unaofuata, wapime kanda zilezile.