Akaunti za wanafunzi: Active Directory, Samba au wingu tupu?

kitufe_cheusi
Wakuu, naomba mawazo. Maabara zetu za kompyuta kila mashine ina akaunti zake, na waifai ina nenosiri moja ambalo hata wapita njia wanalijua. Tunataka mwanafunzi awe na akaunti moja ya kompyuta, waifai na barua pepe. Zimebaki njia tatu: Active Directory (mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti zote kutoka kwenye seva), Samba juu ya Linux (programu huria ya kazi hiyo hiyo), au akaunti za wingu (Google ama Microsoft) bila seva yoyote ndani. Kitengo cha TEHAMA tuko wawili tu. Mngechukua ipi?

Nyaya_Mbili
Maabara zikiwa za Windows, Active Directory. Ipo tangu Windows 2000, kwa hiyo karibu kila tatizo utakalokutana nalo kuna mtu alishalitatua na kuliandika. Printa, vizuizi, folda za wanafunzi, vyote unavipanga sehemu moja. Ila weka vidhibiti viwili vya domeni, yaani seva zinazotunza na kuthibitisha akaunti. Kimoja kikizima asubuhi ya mtihani utanikumbuka.

bi_logi
Samba nayo ni kidhibiti kamili cha domeni tangu toleo la 4.0 la mwaka 2012, na hulipii leseni. Swali langu kwako kitufe: kati yenu wawili, wangapi wanaijua Linux vizuri? Akiwa mmoja, siku akihama chuo kinabaki na seva ambayo hakuna anayethubutu kuigusa.

Halafu kuna anayekuja kukushauri OpenLDAP tupu (saraka huria ya akaunti, bila Samba). Muulize manenosiri yatahifadhiwaje. Yakiwa kwa hashi ya SSHA (nenosiri lililogeuzwa kuwa msimbo usiorudishika), PEAP yenye MSCHAPv2, ile njia ya kawaida ya kuingia waifai kwa jina na nenosiri, haitafanya kazi, utalazimika kwenda EAP-TTLS na PAP, ambapo nenosiri lenyewe linapita ndani ya njia iliyosimbwa. Samba inahifadhi hashi ya NT (ya mtindo wa Windows) kwa hiyo PEAP inawezekana, ila matoleo ya sasa yanakataa mpaka urekebishe mstari wa "ntlm auth" kwenye smb.conf, faili lake la mipangilio.

mlinda_lango
Wingu lina raha moja kubwa: mwanafunzi aliyesahau nenosiri anajibadilishia mwenyewe usiku wa manane bila kukupigia simu. Kwa watu wawili hilo si dogo. Shida ni waifai. Akaunti za wingu peke yake haziendi na PEAP, itabidi uingie kwenye vyeti vya kidijitali vya kila kifaa. Na intaneti ikikatika, mwanafunzi ambaye hajawahi kuingia kwenye kompyuta ile hataingia.

kitufe_cheusi
Je, tukiacha PEAP na hayo mengine, tukasajili tu anwani ya MAC (namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao) ya kila simu?

bi_logi
Usijaribu, ndugu yangu. Tangu Android 10 na iOS 14 simu inatoa anwani ya kubuni kwa kila mtandao. Mwenye simu akigusa mpangilio huo, kwako ni mgeni mpya. Utashinda unasajili.

Nyaya_Mbili
Nakuongezea kitu ambacho kitakula muda wako kuliko yote hayo: akaunti kujifunga. Mwanafunzi anabadili nenosiri kwenye kompyuta, simu iliyo mfukoni inaendelea kutuma la zamani kila inapoiona waifai. Kikomo cha majaribio ya nenosiri kinafika, akaunti inafungwa. Unaifungua, inafungwa tena, naye anaapa kuwa amedukuliwa.

Fungua logi ya usalama (kumbukumbu za matukio) kwenye kidhibiti chenye jukumu la PDC, yaani kile kikuu, tafuta tukio namba 4740. Litakutajia mashine iliyoleta majaribio. Ikiwa ni seva ya RADIUS (inayothibitisha wanaoingia waifai), nenda kwenye logi za RADIUS, utapata anwani ya kifaa chenyewe. Mwambie afute mtandao ule kwenye simu aunganishe upya. Usipandishe kikomo ili kelele ziishe.

Kama ni kompyuta moja tu inayokataa kila mtu, tazama saa yake kwanza. Kerberos, utaratibu ambao Active Directory hutumia kuthibitisha watumiaji, kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5, na mashine kuukuu zenye betri ya ubao mama iliyokufa huamka zikiwa miaka ya nyuma.

mlinda_lango
Mmebishana programu, hamjauliza nani anafungua akaunti na nani anazifunga. Orodha itoke kwa msajili, iingizwe kwa skripti. Mkiandika kwa mkono mtaishia na wahitimu wa miaka iliyopita wakitumia waifai.

Jina la mtumiaji liwe namba ya usajili, lakini ondoeni mikwaju: jina la kuingilia la Active Directory halikubali "/" na lina mwisho wa herufi 20. Aliyeahirisha masomo msimfute, mzimeni tu. Ukifuta na kuunda upya kwa jina lile lile, Windows inamwona mtu mwingine na mafaili yake yanamkataa.

kitufe_cheusi
Asanteni sana. Linux naijua peke yangu, kwa hiyo Samba nimeiweka pembeni. Tutakwenda na Active Directory, vidhibiti viwili, na akaunti zisawazishwe na wingu kwa ajili ya barua pepe. Cheti cha RADIUS ninunue au nijitengenezee?

bi_logi
Jitengenezee mamlaka yenu ya vyeti (mtoaji wenu wenyewe wa vyeti), kisha vifaa viambiwe viamini hiyo tu. Tarehe ya cheti kuisha muiandike kwenye kalenda zenu wote wawili, maana siku hiyo waifai itagoma kwa chuo kizima na hakuna simu itakayoeleza kwa nini.