Eti "upepo umepungua"! Na blanketi langu limeshika barabara ya Magadi

KukuBaba_Kiserian (mwenye uzi):

Leo sina salamu. Naandika na asilimia 11 ya chaji na mayai kwapani, kwa hivyo herufi zikirukwa mjue ni hasira au ni yai.

Wale jamaa mnawajua. Sina haja ya kuwataja. Wale wa "Mpendwa mteja". Wale ambao stima ikipotea, ujumbe wa kwanza kuingia ni wa kukukumbusha ununue stima. Hao hao.

Imepotea saa tisa na dakika kumi alasiri. Niko na inkubeta, mayai 264, siku ya 19. Anayefuga anajua siku ya 19 ni nini. Zimebaki siku mbili kifaranga agonge ganda, na joto likilala chini ya 37 kwa saa nyingi umebaki na mayai ambayo hata mbwa wa mtaa atayanusa aondoke. Nimengoja nusu saa. Nimengoja saa nzima. Nikapiga ile namba. Muziki wao nimeusikiza dakika 23, sasa naujua kuliko wimbo wa taifa. Mwishowe kijana akashika.

Nikamwambia kwa upole, na shahidi ni Mama Shiro maana alikuwa anasikiliza ukutani kama kawaida yake: kijana wangu, stima ya Kiserian inarudi saa ngapi, niko na viumbe hapa.

Sikieni alivyonijibu. "Mteja, ni upepo. Upepo umepungua."

UPEPO. UMEPUNGUA.

Wakati ananiambia hivyo nimesimama nje ya ploti, mkono mmoja simu, mkono wa pili naanua blanketi nikafunike inkubeta. Blanketi limenipokonyoka. Limepita juu ya mabati ya Mama Shiro, limepita kwa fundi wa viatu, limeshika barabara ya Magadi bila kulipa nauli. Kuku wamelala chini kama wanajeshi. Mlango wa choo unajifungua na kujifunga wenyewe. Nikiinua macho naona mitambo ya Ngong, ile ya kuzalisha stima kwa upepo, kule kileleni, mapanga yanazunguka kama yanafukuzwa na kanjo. Na mtu amekaa chini ya kiyoyozi ananiambia upepo umepungua!

Nikamuuliza, unaisikia hii sauti kwenye simu? Hii vuuuu? Unadhani ni mimi napuliza? Akasema, "Mteja, tuombe tu urudi." Tuombe! Nimelipia tokeni, nimelipia ushuru ndani ya tokeni, nimelipia kupanda kwa dola ndani ya tokeni, na sasa nikeshe mlimani niombe upepo kama nabii.

Mke wangu amechagua mayai 96 yenye dalili nzuri, amenilaza kitandani, ameyapanga ubavuni akanifunika na makoti. Nimeatamia, jamani. Mwanamume wa miaka 51, mzee wa kanisa, nimeatamia. Eti upepo umepungua.

---

Shangazi_Vitunguu:
Pole baba. Ila siku ya 19 mayai hayageuzwi tena, kwa hivyo na wewe usigeuke. Lala kama maiti.

Mzaliwa_wa_Mbagala:
Mkuu, uzi bila picha haunogi. Tupia picha ukiwa umeatamia.

Kamau_Sina_Neno:
Umeangua mangapi hadi sasa?

KukuBaba_Kiserian:
Cheka tu. Blanketi LIMERUKA nikiwa nalitazama. Mtu anasema upepo umepungua na blanketi liko hewani!

Bwana_Hezi:
Wacheni nieleze kabla hamjamtoa roho huyo kijana. Alikosa adabu, lakini hakukosa yote. Upepo uliokula blanketi lako sio unaoshikilia gridi. Hiyo mitambo unayoiona Ngong yote ni megawati 25.5, tone la chai. Mzigo uko Loiyangalani, kule karibu na ziwa Turkana: mitambo 365, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310, na zote zinateremka kwa njia moja tu ya zaidi ya kilomita 400 mpaka kituo cha Suswa. Ongeza mitambo ya upepo ya Kipeto, megawati 100. Upepo wa nchi nzima ni kama 435, na wakati watu wote wamewasha taa na jiko, nchi inakula elfu mbili na kitu. Sasa chukua mizani ya sokoni: kinachoingia na kinachotoka lazima vilingane kila sekunde, na ule mshale wa mizani ndio hezi 50, yaani mapigo ya stima kwa sekunde. Megawati 300 zikichomoka kwa mkupuo, mshale unaanguka, na vifaa vya kinga vinaanza kutupa mitaa nje ya mashua ili mashua isizame. Wewe ulitupwa ili Nairobi isizame. Ungeshukuru.

KukuBaba_Kiserian:
NISHUKURU? Ndugu, niko na yai mbavuni linapumua kuliko mimi. Mimi ndiye nilitupwa nje ya mashua na upepo mkali hivi, halafu nishukuru aliyebaki ndani?

Shangazi_Vitunguu:
Usipige kelele, utatikisa mayai.

Nyambura_wa_Kinu:
Bwana Hezi, kwani hakuna akiba? Mimi nikipika najua gesi inaweza kuisha, naweka makaa.

Bwana_Hezi:
Akiba iko, ni kasi yake ndiyo shida. Mvuke wa Olkaria, ule unaotoka ardhini, hupenda kwenda mwendo mmoja, haupendi kupandishwa na kushushwa kama redio. Anayekimbilia ajali ni maji, yale mabwawa ya mto Tana, na mwaka wa kiangazi nayo yanabaki matope. Ethiopia nayo hutuletea stima, lakini inatua hapo hapo Suswa, kwa hivyo Suswa ikipiga chafya sote tunaugua. Halafu upepo wa Turkana una tabia ya mlevi: hukoleza usiku mpaka alfajiri, nyinyi mmelala, alasiri unapooza. Usiku walaji ni wachache, mvuke wa Olkaria unaachiliwa uende zake angani. Jioni mnarudi nyumbani wote mara moja, mnataka vyote. Ndiyo maana watu wanaimba betri, betri kubwa za gridi.

Nyambura_wa_Kinu:
Kwa hivyo usiku tunamwaga na mchana tunakopa. Basi si upepo uliopungua, ni akili ya kuuweka.

Mpita_Njia_77:
Mimi nimesoma hadi "mshale wa mizani" nikashuka chini kutafuta kuku.

Mhasibu_Mstaafu:
Huyo kijana wa simu ni mtoto, hakumbuki. Kule Loiyangalani mitambo ilikamilika 2017. Waya wa kuleta stima ukafika Septemba 2018. Mwaka mzima na zaidi feni 365 zinatazamana na ziwa, na sisi tunahesabiwa faini ya mabilioni kwa stima ambayo haikufika hata kwa mbu. Mkandarasi wa kwanza wa waya alitoka Uhispania, akafilisika njiani. Benki ya Dunia ilikuwa imeshajitoa tangu 2012, ikiogopa tutabanwa kulipia stima tusiyoweza kuitumia. Tulinunua feni kabla ya kutafuta soketi. Nimestaafu na presha yangu, sitaki kusikia neno upepo.

Kamau_Sina_Neno:
Mzee, presha imepungua?

Mhasibu_Mstaafu:
Nenda ukalale.

Mchunga_wa_Laisamis:
Nyinyi watu wa huko chini mnanifurahisha sana. Saa tatu bila stima mmefungua uzi, mmelia, mmeatamia. Mimi nikitoka nje usiku naona taa nyekundu za hiyo mitambo mpaka macho yanachoka. Nyaya za kilovolti 400 zinapita juu ya mbuzi wangu. Na simu hii nimeichaji dukani kwa sola ya mwenye duka, shilingi ishirini. Upepo ni wetu, kokoto tunarushiwa sisi, stima inapita hapa bila hata kusalimia inakimbia Suswa. Tulichopata ni barabara, sikatai, ile ya kutoka Laisamis ni nzuri, malori ya mapanga hayangepita bila hiyo. Lakini ardhi, mahakama ya Meru ilisema 2021 kwamba hati zake hazikutoka kihalali, na sisi bado tuko na kurunzi.

KukuBaba_Kiserian:
Pole ndugu yangu, hapo umenishinda. Lakini niambie ukweli, hiyo saa tisa alasiri, huko kwenu upepo ulikuwa umepungua?

Mchunga_wa_Laisamis:
Ulikuwa umepoa kidogo.

Kamau_Sina_Neno:
WUUUI. Kijana wa simu ameshinda kesi.

KukuBaba_Kiserian:
Hajashinda chochote! Kidogo sio kupungua! Na hata kama umepoa, mtu hasemi hivyo kwa mwenye mayai! Angesema "pole". Neno moja. "Pole, mzee." Lakini hapana, "tuombe tu urudi". Blanketi langu nani ataliombea?

Mzaliwa_wa_Mbagala:
Nyie majirani mnajidai hata kwenye kukatika umeme. Kwetu tulishaishi kwa ratiba ya mgao iliyobandikwa mlangoni kama ratiba ya mitihani, na sababu ilikuwa moja, maji yamepungua bwawani. Kila nchi na kilichopungua chake. Sasa tuna bwawa la Rufiji, megawati 2,115, na bado transfoma ya mtaani kwetu ikinyeshewa inalipuka kama Mwaka Mpya. Upepo? Singida tunaahidiwa tangu nikiwa na nywele.

Bwana_Hezi:
Mbagala, ucheke polepole. Tangu Desemba 2024 kuna waya wa kilovolti 400 kutoka Isinya hadi Singida. Hezi zetu ni hezi zako. Tukianguka vibaya na kinga isikate mapema, na wewe unaatamia.

Mzaliwa_wa_Mbagala:
Nani aliwaruhusu kutufunga kamba moja na hawa?

Dada_wa_Embakasi:
Mnazungumza mayai. Mimi Agosti 25, 2023, Ijumaa usiku, nilikuwa uwanja wa ndege nampokea dada yangu kutoka Muscat. Nchi nzima giza, na uwanja nao giza. Watu wamewasha tochi za simu kama wako kesha. Kesho yake wenye nguzo wakasema ni mitambo ya upepo iliyojitoa. Wenye mitambo wakasema hapana, gridi yenu ilizidisha volti, sisi tumejitoa kujiokoa. Watoto wawili na glasi iliyovunjika, kila mmoja anamtazama mwenzake. Dada alitoka na sanduku la mwanamume wa watu, ndani kuna suti na viatu namba 45. Mpaka leo viatu viko kwangu.

Kamau_Sina_Neno:
Namba 45 niko. Unauza?

Sola_Mkombozi:
Ndugu zangu, mnateseka bure. Paneli mbili, betri moja ya lithiamu, inkubeta inakesha. Njooni inboksi.

Nyambura_wa_Kinu:
Wewe uliniuzia betri iliyokaa miezi minne. Nilikuja inboksi, ukanizuia.

Sola_Mkombozi:
Dada, hiyo uliifanyisha kazi ya kinu. Kinu hakikuwa kwenye makubaliano.

Nyambura_wa_Kinu:
Jina langu ni Nyambura wa KINU. Ulidhani ni kinu cha nini, cha manukato?

Shangazi_Vitunguu:
Hapo sasa. Leta popkoni. Na kabla sijasahau, tokeni ya 500 mnapata uniti ngapi? Mimi nimepata 17 na nukta kidogo, na jirani yangu anapata zaidi na ana friji mbili.

Mpita_Njia_77:
Jirani yako ana fundi, sio friji.

Dada_wa_Embakasi:
Mimi landilodi ametuwekea mita ndogo, uniti anatuuzia kwa bei yake mwenyewe, mashine ya kufua yake iko kwenye mita yangu. Huo ndio uzi unaofaa kufunguliwa.

Kamau_Sina_Neno:
Landilodi pia ni upepo tu. Tuombe urudi.

KukuBaba_Kiserian:
Wazee, taarifa. Imerudi saa mbili na robo usiku. Mayai yamerudi kwenye mashine, mawili yamevunjika, msiniulize yalivunjikia wapi. Blanketi limeonekana Corner Baridi, mchunga ng'ombe mmoja amelivaa. Ni la miraba nyekundu na, kusema kweli, limemkaa vizuri kuliko mimi. Nimeona aibu kulidai. Lakini naomba mtu mmoja tu hapa aniambie: kutoka Kiserian mpaka Corner Baridi, blanketi zito la mtu mzima, kwa upepo ULIOPUNGUA?

Bwana_Hezi:
Kitaalamu upepo ukizidi sana pia mitambo hujifunga isivunjike, kwa hivyo...

KukuBaba_Kiserian:
Bwana Hezi, nakuomba kwa heshima zote. Nyamaza.

Shangazi_Vitunguu:
Hao vifaranga wakitoka unauza bei gani? Nataka 30.

KukuBaba_Kiserian:
Wa siku moja, mia. Wakitoka.

Shangazi_Vitunguu:
Unaleta Rongai?

KukuBaba_Kiserian:
Natuma na boda. Nauli ni yako, mia tatu.

Shangazi_Vitunguu:
Mia tatu? Kutoka Kiserian? Abebe vifaranga 30, gramu arobaini kila mmoja? Hawa wa boda wamekuwa nani?

Nyambura_wa_Kinu:
Usinianzishe na wa boda. Jana mmoja amenishusha kwenye dimbwi akasema "tumefika".

Dada_wa_Embakasi:
Wangu aliniambia amekaribia akiwa bado anaoga. Nilisikia maji.