Hita ya maji ya moto lita ngapi kwa watu watano? (Tabora)

Mwana_Ipuli:
Wakuu habari. Nyumba iko Ipuli, vyumba vinne, mabafu mawili, watu watano. Nataka maji ya moto kabla baridi ya Juni haijaingia. Simtanki ya lita 1,000 iko juu ya mnara wa mita 3, umeme ni LUKU wa fezi moja. Dukani wanasema "vyumba vinne, chukua lita 100". Fundi umeme anasema niachane na tanki, nifunge shawa ya umeme kila bafu. Wanne wanaoga asubuhi, saa 11:30 hadi 12:30. Wa tano huoga mchana na maji ya baridi hayamsumbui. Nichukue ipi?

Bomba_PPR:
Vyumba haviogi mkuu. Hita inapimwa kwa ile saa moja ambayo watu wanapokezana bafuni, na umeshaitaja mwenyewe.

Shawa ya kawaida inatoa kama lita 6 kwa dakika. Dakika 6 ni lita 36 za maji ya nyuzi 40. Maji ya simtanki alfajiri ya Julai chukulia ni nyuzi 18, hita iweke 60. Hapo kila mtu anavuta lita 19 za moto, zilizobaki ni baridi. Watu wanne, lita 76.

Sasa, tanki la lita 80 halikupi lita 80. Maji baridi yanaingia kwa chini na kuchanganyika, kwa hiyo hesabu lita 64 hivi. Pengo linazibwa na elementi, ile koili ya umeme inayopasha maji ndani ya tanki: uniti moja inapandisha lita 860 kwa nyuzi moja, hivyo kilowati 2 zinapasha lita 40 ndani ya saa kutoka 18 hadi 60. Unapita vizuri. Lita 50 yenye kilowati 1.5 inaanza na 40, inaongeza 30 katika hiyo saa, jumla 70. Wa mwisho atabaki na povu kichwani. Ila kama wawili kati yao wanaoga kwa ndoo, kila mmoja lita 15 zikiwa zimeshachanganywa na baridi, basi 50 inatosha kabisa na hela inabaki.

Lita 100 ni ya kumfurahisha muuzaji. Halafu angalia ukuta: hata ya 80 ikijaa inapita kilo 100. Tofali ya kuchoma iliyojengwa vizuri inabeba, kwa bolti ndefu. Bloku zenye matundu usizijaribu bila kupitisha bolti upande wa pili na kuweka bati.

Waya_Sita:
Shawa ya umeme si mbaya, tatizo ni nyaya. Ya kilowati 5.5 inakula ampea 24. Inataka waya wa milimita 6 peke yake kutoka kwenye boksi, breka ya 32, na swichi ya kukata laini zote mbili. Mbili zikiwaka pamoja ni ampea 48, bado friji na pasi. Na mafundi wengi wanaichomeka kwenye waya wa 2.5 wa soketi, ndiyo maana unaona breka inaruka au plagi imeyeyuka.

Jambo lingine ni volti. Nguvu ya elementi inashuka kwa mraba wa volti. Umeme ukiwa 190 badala ya 230, ile 5.5 inabaki kilowati 3.7. Kwa maji ya nyuzi 18, hapo unapata chini ya lita 2.5 kwa dakika zenye nyuzi 40. Huo ni mchirizi. Hita ya tanki umeme ukishuka inachelewa tu, maji yanafika palepale.

Tanki la kilowati 2 linachukua ampea 9 tu: waya 2.5 wa peke yake, breka ya 16, na kifaa cha kukata umeme ukivuja cha miliampea 30. Ethi ipimwe, isiwe waya wa kijani uliofichwa ukutani bila kufika kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini.

Mwana_Ipuli:
Asanteni. Kwenye LUKU itakuwaje? Sasa hivi niko D1, ile bei nafuu ya watumiaji wadogo.

Waya_Sita:
D1 isahau. Ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, na hita peke yake kwa hesabu ya hapo juu ni uniti 3.7 kwa siku, kama 110 kwa mwezi. Kwa T1, bei ya matumizi ya kawaida, ya Sh 292 kabla ya kodi na tozo, inafika kama Sh 356 kwa uniti, yaani karibu Sh 40,000. Na nyumba nzima inahamia bei hiyo, taa na friji pia. Weka taima iwashe saa 9:30 usiku: lita 80 kwa kilowati 2 zinahitaji saa mbili.

Gungu_Ziwani:
Walio Kigoma wasinakili namba hizo. Maji ya ziwa yanakuja na nyuzi 25 hivi, kwa hiyo familia hiyohiyo inatosheka na lita 50. Ila maji ya Tanganyika yana magnesiamu na kabonati nyingi, elementi inavaa ganda jeupe. Usipandishe zaidi ya 60, na kila mwaka fungua uangalie ganda na ile fimbo ya anodi, inayoliwa na kutu badala ya tanki. Ikibaki waya mtupu, badilisha.

Mwana_Ipuli:
Nimepima: kutoka chini ya simtanki hadi kichwa cha shawa ni mita 1.1. Na bomba la baridi bafuni linatoka moja kwa moja kwenye laini ya TUWASA, mamlaka ya maji ya Tabora.

Bomba_PPR:
Hapo ndipo kazi ingeharibika. Mita 1.1 ni presha ya bar 0.1, na ya mtaani ni kubwa mara nyingi zaidi. Kwenye miksa baridi itaisukuma moto irudi nyuma, utaoga baridi na hita imejaa maji ya moto. Baridi ya shawa nayo itoke kwenye simtanki. Teremsha maji kwa bomba la inchi moja hadi kwenye hita, koki iwe ya kufunguka tundu zima, na ile shawa pana ya "mvua" irudishe dukani. Maji ya moto yapite kwenye PPR, bomba la plastiki linalohimili joto, lenye mstari mwekundu, PVC inalainika.

Valvu ya usalama, ile inayozuia pia maji kurudi, ifungwe pale maji baridi yanapoingia kwenye hita. Lita 80 zikipashwa zinavimba kwa lita moja na kidogo, kwa hiyo ikidondosha matone usiizibe, ipe kimpira hadi kwenye mfereji. Na kabla ya kuwasha mara ya kwanza fungua bomba la moto mpaka maji yatoke bila kukohoa hewa. Elementi ikiwaka kavu inaungua ndani ya dakika chache.