"Haina mvuto"! Ndiyo maelezo yote niliyopewa baada ya kufelishwa kazi ya jalada

Wadau, leo niacheni niseme. Chuo sitakitaja, kiko hapa hapa Mombasa, na mtu pia sitamtaja. Lakini hii tabia ya kusahihisha kazi za wanafunzi kwa kuzitupia jicho tu imezidi.

Kazi tuliyopewa ni hii: buni jalada la jarida la utamaduni, ukubwa wa A4, wima. Liwe na jina la jarida, tarehe, bei, mistari ya bakodi, picha moja kuu na vichwa vya habari visivyopungua vitatu. Basi. Hakuna karatasi iliyosema wazo lina alama ngapi, herufi ngapi, rangi ngapi. Tulipouliza tukaambiwa, "Nyinyi fanyeni, mimi nitaona." Haya, ameona. Yangu imerudi na alama za kufeli na maneno mawili ya wino mwekundu: haina mvuto.

Kwa nani? Jina halisomeki? Picha imekaa vibaya? Herufi zimebanana? Nikitakiwa nirudie nitarekebisha nini, huo mvuto?

Sasa niwaeleze nilichofanya, muamue wenyewe. Jalada nililipanga kama leso, yaani kanga. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba leso ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yale maneno ya kumpasha mtu au kumsifu. Huo tayari ni mpangilio wa ukurasa: jicho linaingia kwenye pindo, linatua kwenye mji, linamalizia kusoma. Jarida nikaliita Pindo. Pale katikati, penye mji, nikaweka picha niliyopiga mwenyewe Mji wa Kale, mlango wa nakshi umetiwa kufuli na karatasi ya "Inauzwa" imegandishwa juu yake. Pale pa jina nikaandika kichwa kikuu cha habari: NYUMBA ZA BIBI ZETU ANANUNUA NANI? Vichwa vingine vidogo nikavipanga juu, karibu na tarehe na bei. Nilishinda Biashara Street nikipima mapindo ya leso kwa rula, zile za chapa ya "Mali ya Abdulla" na nyinginezo, hadi muuzaji mmoja akaniuliza kama nimetumwa na kanjo, wale askari wa kaunti.

Nilipomfuata mwalimu ofisini (kumpata tu ni kazi nyingine) akaniambia eti mpaka wa kuzunguka jalada ni mtindo uliopitwa na wakati, na kwamba "hiki ni kitambaa, si jarida". Mwalimu wa usanifu huyo, jamani! Wale wa jarida la Time wana mpaka mwekundu tangu 1927 na mpaka leo ndio utambulisho wao. National Geographic, ukiona tu ule mstatili wa njano umeshajua ni nani hata jina likifichwa. Kumbe mpaka ukitoka Marekani ni usanifu, ukitoka Biashara Street ni kitambaa.

Halafu akaongeza kwamba rangi "zimekufa". Hapa ndipo nilipotaka kupiga kelele. Tumesoma muhula mzima kwenye skrini. Skrini inatoa mwanga: nyekundu, kijani, buluu. Mashine ya kuchapa inatumia wino: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kuna rangi kali za kwenye mwanga ambazo wino hauzifikii kabisa, na buluu iliyokolea ya kwenye skrini ni maarufu kwa kutoka ikielekea zambarau. Nani alitufundisha hayo? Si yeye. Nilielezwa na kijana wa duka la kuprinti pale mjini, amesimama, mteja mwingine anamgombeza. Huyo huyo ndiye aliyenionyesha kuacha milimita 3 za ziada kila upande ili kisu kikikata pasibaki ukingo mweupe, na akanionya kwamba jalada lenye pindo ni gumu zaidi, kisu kikiteleza kidogo tu upande mmoja utaonekana mnene kuliko mwingine. Karo nalipa chuoni, somo napewa dukani bure.

Na bado. Kuna wenzangu wamekatwa alama kwa picha "kutoonekana vizuri". Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeagiza nakala zitumwe kwa WhatsApp! Picha ya kuchapwa inatakiwa nukta 300 kwa inchi, wewe unaitumisha kama picha ya harusi ya jirani, WhatsApp inaiminya mpaka inabaki uji, kisha kosa la mwanafunzi. Hata kusema "tumeni kama faili" hakusema.

Mnataka kujua iliyoongoza darasa? Mwenye nayo ni rafiki yangu na sina ubaya naye, yeye mwenyewe anacheka. Kachukua kiolezo cha bure mtandaoni, msichana wa Kizungu anatabasamu, jarida la "utamaduni". Chini kuna mstari mzima wa yale maneno ya Kilatini ya kujazia nafasi, hakuyafuta. Bakodi yake inaanza na 616, yaani namba za bidhaa zilizosajiliwa Kenya. Aliipiga picha kwenye pakiti ya unga. Bakodi ya jarida huanza na 977. Alama zimemiminika, na maoni yanasema "safi sana, inavutia".

Mimi sitaki kuhurumiwa. Nataka kujua kutoka kwa waliopitia vyuo vya huku: rufaa ya alama inaanzia kwa mkuu wa idara au kwa msajili? Na nikidai kwa maandishi mgawanyo wa alama, wanalazimika kunipa, au nitazungushwa mpaka muhula uishe? Marudio yanatakiwa Ijumaa na nimeshaambiwa "tafuta kitu cha kisasa". Sibadilishi pindo. Nitarekebisha buluu, nitaambatisha barua, na nakala ya barua nitampelekea mkuu wa idara.

Wale wa "kubali yaishe, wewe ni mwanafunzi tu", nawaomba mpite uzi mwingine.