Wazee wetu na macho: tupeane uzoefu

Wenye wazazi waliozeeka, njooni tuongee. Mama yangu, miaka 71, anakaa nami hapa Umoja. Mwaka jana nilimkuta jikoni akimimina chai huku kidole amekitumbukiza kikombeni. Ya moto ikimgusa, anaacha. Hivyo ndivyo alivyokuwa akipima. Nikamuuliza tangu lini. "Ni uzee tu, usiharibu pesa."

Kumbe mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lenzi iliyo ndani ya jicho inaingia ukungu, na hakuna matone wala mitishamba ya kuusafisha. Inatolewa, inawekwa ya plastiki. Tulimpeleka hospitali ya Kikuyu. Jicho la kwanza halikuchukua hata nusu saa, ganzi tu, mwenyewe akiwa macho (samahani kwa neno). Bandeji ilipotoka akanitazama: "Umekonda hivi na husemi?"

Shirika la Afya Duniani linasema watu bilioni 2.2 au zaidi wana shida ya kuona, na kwa angalau bilioni 1 kati yao shida hiyo ingezuilika au bado haijatibiwa. Nyinyi mmepitia nini?

Fundi wa Gikomba: Baba yangu hakubahatika. Yake ni glakoma, presha ya macho. Haiumi, inakula kutoka pembeni polepole. Alikuwa akigonga watu mabega sokoni, sisi tukisema ana kiburi. Tulipofika kliniki jicho la kulia lilishaenda, na hilo halirudi. Matone ya kila siku ni ya kulinda lililobaki. Inafuata ukoo, kwa hiyo tukaambiwa watoto wote tupimwe. Mimi nimeenda. Ndugu zangu wawili bado ni "wiki ijayo".

Shosho wa Kayole: Mimi ndiye mzee mwenyewe. Nina kisukari na nilikuwa naona vizuri kabisa, binti yangu akanikokota nikapimwe nyuma ya jicho. Mishipa ilikuwa imeanza kuvuja. Ila mjue, wakikuweka yale matone ya kupanua mboni, jua la saa nane linakuchoma! Kwenye matatu sikuweza kutambua noti, kondakta nikamwamini tu. Nendeni na mtu.

Jirani wa Dagoretti: Nyanya yangu anaambiwa na majirani asubiri mtoto wa jicho aive kwanza. Ni kweli?

Aliyeanzisha: Hiyo ni ya zamani. Mtoto wa jicho akikomaa na kuwa mgumu sana ndiyo kazi ya kumtoa inakuwa ngumu. Mlete Jumanne, mimi nampeleka mama kwa jicho la pili.